Towashi, Daktari na Mwongozo: Nani Hufikishwa Chumba cha Upasuaji

Kuondoa korodani si upasuaji mgumu. Daktari humchoma mgonjwa sindano ya ganzi mgongoni au humpa nusu kaputi, hupasua sehemu ndogo kwenye mfuko wa korodani au kinenani, hufunga mishipa ya damu, hutoa korodani na kushona. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hata hivyo, miongoni mwa watu wanaoutaka upasuaji huu, wako wanaoandikiwa rufaa bila maswali mengi, na wako wanaokataliwa hata wakiwa na fedha mkononi. Kinachowatenganisha si ustadi wa daktari. Ni mwongozo wa tiba, yaani maandishi ya wizara au ya chama cha wataalamu yanayoeleza ugonjwa upi utibiwe vipi, katika hospitali ya ngazi gani, na kwa masharti yapi.

Watu ambao maandishi hayo yamewaacha nje kwa muda mrefu zaidi ni matowashi. Katika tiba ya leo, jina hilo hutumika kwa watu waliozaliwa wanaume ambao hutaka viungo vyao vya kiume, au nguvu ya viungo hivyo, viondolewe, na wengi wao hawataki kuwa wanawake. Msomaji wa pwani anamjua towashi wa namna nyingine. Anamjua yule wa Matendo ya Mitume, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi. Au amesikia habari za matowashi wa majumba ya kifalme ya Unguja, ambao Sayyida Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliwataja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Matowashi wa majumba hayo walikuwa watumwa. Kwa desturi ya biashara ile, watoto walihasiwa bila kuulizwa, na wengi walikufa kwa kutokwa damu au kwa kidonda kuoza kabla hawajafika sokoni. Unyama ule hauna uhusiano na mwongozo unaozungumzwa hapa, ambao unamhusu mtu mzima anayekwenda mwenyewe kwa daktari na kueleza haja yake.

Namna mwongozo unavyofungua au kufunga njia huonekana vizuri zaidi mtu akiwa mbali na hospitali kubwa. Katika kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji, mwanamume mwenye maumivu sehemu za siri huanzia zahanati. Akishindikana hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya iliyoko Utete, na ugonjwa ukitaka bingwa hutumwa Tumbi mjini Kibaha au Muhimbili, Dar es Salaam. Kila hatua ina karatasi, na kila karatasi inataka jina la ugonjwa. Jina likiwamo katika Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, ambao toleo lake la 2021 lilichapishwa pamoja na orodha ya dawa muhimu, mhudumu anajua la kuandika, mfamasia anajua cha kutoa, na bima inajua cha kulipia. Jina lisipokuwamo, mgonjwa hubaki na maelezo yake mdomoni.

Mabusha ni mfano ambao hakuna mtu wa Rufiji asiyeufahamu. Ugonjwa huu, ndugu wa matende, huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na mwambao wote wa Tanzania umeuzoea kwa vizazi. Kwa muda mrefu mwenye busha alivaa kanzu pana au msuli, akaacha kwenda ngalawani, akajificha. Mambo yalibadilika pale ugonjwa ulipoingia katika mpango wa taifa. Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000, mbele kidogo ya delta ya Rufiji, ukasambaa wilaya nyingine. Upasuaji wa mabusha nao ukapewa nafasi katika mpango huo: madaktari wa wilaya walifundishwa, vifaa vikanunuliwa, kambi za upasuaji zikafunguliwa na wagonjwa wakapasuliwa bila kulipa. Aibu haikuwa imekwisha, lakini sasa kulikuwa na mahali pa kuipeleka.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada, kwa sababu humalizikia katika kuhasiwa kwenyewe. Mwaka 1941, huko Chicago, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hunywea pale homoni ya kiume inapoondolewa mwilini. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na ugunduzi wake bado ndio msingi wa tiba. Homoni hiyo huondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, ambazo ni ghali na lazima zirudiwe. Ya pili ni kuondoa korodani zote mbili, mara moja, basi. Kwa mzee wa delta, ambaye safari ya Dar es Salaam ni mtumbwi, kisha bodaboda, kisha basi, njia ya pili mara nyingi ndiyo pekee inayowezekana. Na wako wanaoikataa. Wanaogopa kuitwa hanithi, wanaogopa wake zao watasema nini, wanaogopa kuzikwa pungufu. Daktari mwema hulizungumza hilo polepole, na pengine humrudisha mgonjwa nyumbani akashauriane na familia. Lakini hakuna anayemuuliza daktari huyo kwa nini anahasi watu. Sababu yake imeandikwa.

Sasa aje mtu mwingine, mwenye korodani zisizo na ugonjwa, aseme kwamba tangu ujana amejiona amebeba mwilini kitu kisicho chake, kwamba tamaa inayotokana na kitu hicho inamtesa, na kwamba anataka kitolewe. Kisu ni kilekile, na daktari ndiye yuleyule. Mwongozo wa taifa wa Tanzania hauna sura inayomhusu mtu huyu, na hospitali haina neno la kumwandikia isipokuwa pengine kumpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili.

Hata katika nchi zenye miongozo mingi, mtu huyu alikaa kivulini miaka mingi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, kinachojulikana kwa herufi WPATH, kilitoa viwango vyake vya kwanza vya huduma mwaka 1979, wakati huo kikiitwa kwa jina la daktari Harry Benjamin. Viwango hivyo vilijengwa kumfaa mtu anayetoka upande mmoja kwenda wa pili: mwanamume anayetaka kuwa mwanamke, au mwanamke anayetaka kuwa mwanamume. Kitabu cha Marekani cha kuainisha magonjwa ya akili, toleo la 1994, kiliwataja kwa mstari mmoja watu wanaosumbuliwa na wazo la kuhasiwa bila kutaka maumbile ya kike, kikawaweka katika kapu la mengineyo. Toleo lililofuata, la 2013, halikuubeba mstari huo.

Toleo la saba la viwango vya WPATH, lililotoka mwaka 2011, lilimtaka anayeomba kuondolewa korodani alete barua mbili za wataalamu waliompima, na awe ametumia homoni kwa miezi 12, isipokuwa kama ana sababu ya kiafya ya kutozitumia au hazitaki. Masharti hayo yalikuwa na busara yake, kwa kuwa jambo haliwezi kurudishwa nyuma. Kwa towashi, hata hivyo, yaligeuka kitendawili. Homoni zilizofikiriwa zaidi ni za kike, naye hataki matiti wala sauti nyororo. Mtaalamu wa kuandika barua amefundishwa kuuliza tangu lini mgonjwa alijiona mwanamke, na jibu la kweli ni kwamba hajawahi. Baadhi ya waliohojiwa na watafiti walieleza kwamba walijifanya wanataka kuwa wanawake ili tu wapewe barua. Mwongozo unaomlazimisha mgonjwa amdanganye daktari wake umeshindwa kazi yake ya kwanza, maana daktari aliyedanganywa hawezi kujua ni madhara gani ayatazamie.

Wengine hawakupita hospitali kabisa. Mwaka 2007 watafiti, wakiwamo Thomas Johnson wa California na Richard Wassersug, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, walichapisha katika jarida la tiba ya mambo ya ngono uchunguzi kuhusu wanaume waliohasiwa kwa hiari yao. Wassersug alikuwa na sababu yake ya kulijali suala hili: yeye mwenyewe alikuwa akitibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kuondoa homoni ya kiume, na ameliandika hilo waziwazi. Uchunguzi wao ulionyesha kwamba baadhi yao hawakwenda kwa daktari wa upasuaji. Kuna waliojikata wenyewe, waliofunga korodani kwa mpira kama wanavyofanyiwa mbuzi na ng'ombe, na waliokatwa na watu wasio na mafunzo yoyote. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014 uliwalinganisha wakataji hao na wateja wao, jambo linaloonyesha kuwa huduma hii ya vichochoroni ina watu wake na taratibu zake. Mishipa inayolisha korodani ina damu nyingi na hurudi ndani ya kinena ikikatwa vibaya, kwa hiyo asiyejua kuifunga anaweza kumpoteza mtu kwa muda mfupi tu.

Mwaka 2010 baadhi ya watafiti haohao walipendekeza kuwe na viwango maalumu vya huduma kwa watu wa aina hii. Ilichukua miaka 12. Toleo la nane la viwango vya WPATH, lililotoka Septemba 2022, ndilo la kwanza kuwapa matowashi sura yao wenyewe, ya tisa kati ya sura 18. Sura hiyo ni fupi na ina mapendekezo manne. Lenye uzito zaidi linawataka wataalamu wafikirie kutoa dawa, upasuaji, au vyote viwili pale ambapo kumnyima mtu huduma kunamweka katika hatari kubwa ya kujikata, kukatwa na asiye na ujuzi, au kutumia dawa za homoni bila kusimamiwa. Mengine yanataka viwango vyote vya jumla vitumike kwa namna inayowafaa watu hawa, anayewapima awe na ujuzi wa kuwapima, na wapewe elimu na ushauri kuhusu maisha ya kingono. Sura inaeleza pia kwamba mtu anaweza kuanza kwa kutumia dawa ya kuzuia homoni ili aonje maisha yatakavyokuwa kabla hajafikia kisu. Na inawatoa wazi wagonjwa wa saratani ya tezi dume wasiojihesabu kuwa matowashi.

Masharti ya jumla nayo yalilegezwa. Barua mbili zikawa moja. Miezi 12 ya homoni ikawa sita kwa wanaozihitaji. Mwaka huohuo wa 2022, uainishaji mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulianza kutumika, nao ulikuwa umeutoa mgongano wa jinsia, yaani hali ya mtu kutojiona wa jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, katika sura ya magonjwa ya akili na kuuweka katika sura ya afya ya ngono.

Sura ya matowashi ilizua ubishi mkali mara ilipotoka, na ubishi huo unastahili kuelezwa kwa haki. Wakosoaji walisema ushahidi wake ni mwembamba: unategemea watu waliojitokeza wenyewe kujibu maswali, hauna wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wala ulinganisho na watu waliokosa upasuaji. Waliuliza vilevile itakuwaje ikiwa anayetaka kuhasiwa anasukumwa na msongo, na kumbukumbu za kudhulumiwa utotoni, au na ugonjwa wa akili ambao ungetibika. Maswali hayo ni ya kweli. Mapendekezo ya WPATH hupitishwa kwa kura za wataalamu, angalau asilimia 75 wakikubali, na kura ya wataalamu haiwezi kushika nafasi ya uchunguzi. Lakini kukataa nako kuna matokeo yake. Mtu aliyekwisha kununua kisu hatulizwi kwa kuambiwa ushahidi bado haujatosha. Akipokewa na mtaalamu mwenye subira, dhuluma ya utotoni au ugonjwa wa akili ndipo vinapoweza kugunduliwa. Akifukuzwa mlangoni, havigunduliwi.

Hapa ndipo kazi ya watafiti inapokuja, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika. Kupima kama mwongozo umebadilisha upatikanaji wa upasuaji kunahitaji kujua ni wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, walisubiri muda gani, na walioachwa walikwenda wapi. Vitabu vya chumba cha upasuaji huandika tu kwamba korodani zimeondolewa. Sababu yaweza kuwa saratani, ajali, korodani iliyojisokota ikafa, au haja ya mtu mwenyewe, na msimbo ni uleule. Ndiyo maana watafiti hulazimika kupita njia kadhaa kwa pamoja: kusoma masharti ya kampuni za bima na kuyalinganisha na mwongozo, kuwahoji madaktari wa upasuaji kuhusu nani walimkataa na kwa nini, na kumfuata mgonjwa mmojammoja tangu siku ya kwanza aliyofungua mdomo. Afrika Kusini inaonyesha jinsi mwongozo unavyoweza kuwapo na huduma isifike. Nchi hiyo ina sheria ya kubadili kumbukumbu za jinsia tangu 2003, na chama cha madaktari wa VVU wa kusini mwa Afrika kilitoa mwongozo wa huduma hizi mwaka 2021. Hata hivyo, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, muda wa kusubiri upasuaji wa viungo vya uzazi huhesabiwa kwa miaka, kwa sababu siku za chumba cha upasuaji zinazotengwa kwa kazi hiyo ni chache.

Afrika Mashariki, kesi iliyo karibu zaidi ni ya watoto wenye jinsi tata, wale ambao wanazuoni wa Kiislamu huwaita khuntha. Mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kesi ya mtoto aliyetambulishwa kwa herufi A tu, ambaye hospitali ilikuwa imeweka alama ya kuuliza mahali pa kuandika jinsia. Mahakama iliitaka serikali ianze kuandaa mwongozo wa upasuaji kwa watoto wa namna hiyo. Kikosi kazi kiliundwa mwaka 2017, sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,524 wenye jinsi tata, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikazuia kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huyo pasipo ushauri wa mtaalamu wa tiba. Katika suala hili mwongozo ulihitajika ili kuuzuia mkono wa daktari, maana watoto walikuwa wakipasuliwa mapema mno, kabla hawajaweza kusema lolote. Towashi mtu mzima ana tatizo la upande wa pili: amesema, na hakusikilizwa. Jambo linaloziunganisha kesi zote mbili ni ridhaa ya mwenye mwili.

Tanzania, sheria inaeleza kwa nini daktari anayekabiliwa na ombi kama hilo husita. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa ustadi, na kwa manufaa ya mgonjwa, mradi upasuaji huo uwe wa busara kulingana na hali ilivyo. Sheria hiyohiyo inasema ridhaa ya mtu kulemazwa haimwondolei hatia aliyemlemaza. Kwa hiyo saini ya mgonjwa peke yake haimtoshi daktari. Anahitaji kitu cha kuonyesha kwamba wenzake katika taaluma wanauona upasuaji huo kuwa tiba, na kitu hicho ndicho mwongozo.

Dini nayo ina uzito mkubwa Rufiji, ambako wengi ni Waislamu. Wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kwamba kumhasi mtu mzima wa afya ni haramu, na hurejelea habari ya sahaba Uthman bin Madhun, ambaye Mtume alimkataza kujitenga na wanawake. Upasuaji wa kuokoa maisha, kama ule wa saratani, umeruhusiwa kwa kanuni ya dharura, na wa kuibainisha jinsia ya khuntha umeruhusiwa na wengi. Nchini Iran, fatwa ya Ayatollah Khomeini iliruhusu upasuaji wa kubadili jinsia, ingawa inamhusu anayevuka kwenda jinsia ya pili. Mtafiti atakayeuliza maswali haya bila kukaa kwanza na mashehe wa Ikwiriri au Kibiti atakuwa amejifungia mlango mapema.

Rufiji si mahali pageni kwa utafiti wa namna hii. Mwaka 1998 ulianzishwa huko mfumo wa kufuatilia kaya kwa kaya, ulioendeshwa baadaye na Taasisi ya Afya ya Ifakara, ukiandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa, na kuwahoji wafiwa ili kujua sababu ya kifo. Mradi uliotumia takwimu hizo pamoja na za Morogoro uligundua kwamba malaria ilikuwa ikichukua maisha mengi kuliko sehemu yake ya bajeti ya wilaya. Bajeti ilipopangwa upya kufuata mzigo halisi wa magonjwa na huduma zikaboreshwa, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Fedha ilifuata kilichohesabiwa. Mtu aliyehasiwa, awe ni kwa saratani au kwa haja yake, hana safu katika daftari la namna hiyo, na sensa ya taifa ya 2022 ilihesabu wanaume na wanawake tu.

Safu hiyo ingekuwa na faida hata kwa wasiotaka kusikia habari za matowashi, kwa sababu mwili uliokosa homoni ya kiume hupitia mambo yaleyale kwa sababu yoyote ile. Joto hupanda ghafla usoni na kifuani, usingizi hukatika, misuli hupungua na mafuta huongezeka, damu hupungua nguvu, huzuni huingia, na mifupa huanza kukonda hadi kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Uwezekano wa kupata kisukari huongezeka. Kijana aliyehasiwa ana miaka mingi zaidi ya kuyapata madhara hayo kuliko mzee wa miaka 75, na anaweza kuhitaji kurudishiwa kiasi fulani cha homoni. Mzee wa delta aliyetolewa korodani Muhimbili hurudi kijijini na tarehe ya kliniki ambayo pengine hataweza kuifikia. Kupima shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na uzito kunaweza kufanyika Utete au hata kituo cha afya, mazoezi ya kubeba uzito hayahitaji hospitali, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao hupatikana Rufiji mwaka mzima. Anachokosa mhudumu wa kituo ni ukurasa unaomwambia ampime nani, baada ya miezi mingapi, na amrudishe kwa bingwa akiona nini.